Miguu Arobaini na Minane

Mguu wa kwanza ulikataa. Dada akaugeuza, akaupuliza vumbi ambalo halikuwepo, akajaribu tena. Bolti ya juu ilipita laini kama kidole kwenye pete. Ya chini ikagonga mbao. Akachomoa mguu wa pili kwenye gunia. Ukakataa. Wa tatu ukakataa. Alipofika wa sita alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji, jasho linamtiririka mgongoni, na matroni wa nyumba ya wazee amesimama juu yake, mikono kaikunja kifuani.

Aliyesema kwanza ni babu mmoja aliyekuwa ameketi kitandani akisubiri kiti chake.

"Binti yangu, huo mguu si wa ukoo huu. Urudishe kwao."

Wazee wawili watatu wakacheka. Dada naye akajilazimisha kucheka.

"Kaka yako alipiga magoti hapo hapo ulipo wewe," matroni akasema hatimaye. "Akaniambia, 'Mama, kikivunjika kipande, badili kipande, usitupe kiti. Spana moja tu inatosha.' Nikamwamini, nikachukua viti sitini. Ni miaka saba sasa. Nimekuagiza miguu arobaini na minane, umeniletea. Haya, iko wapi hiyo spana moja?"

"Nipe wiki moja, mama."

"Wiki moja. Ijumaa ijayo isipoingia, viti vinakwenda jikoni kuwa kuni, nami naagiza vya plastiki. Vya plastiki havina ahadi, lakini havijawahi kunidanganya."

Dada akarudisha miguu guniani. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na tupa. Angeweza kuitoa, akasugua tundu hili milimita mbili, lile tatu, mguu ukaingia, mambo yakaisha. Mkono ulikwenda mpaka kwenye zipu ya mkoba, ukarudi. Mguu uliosuguliwa kwa ajili ya kiti kimoja haukai kwenye kiti kingine, na ahadi ya kaka yake haikuwa hiyo.

Wote karakanani walimwita Dada, hata waliomzidi umri, kwa sababu kaka yake ndiye aliyekuwa mwenye karakana na ndivyo alivyomwita. Ilikuwa imepita miaka miwili tangu kifua kimchukue, wiki tatu tu za kukohoa na mtu hayupo. Alimwachia Dada wifi, yaani mkewe, na karakana ya mabati yenye randa mbili, msumeno wa umeme mmoja, na kiti alichokiwaza miaka kumi kabla hakijapata umbo.

Kilikuwa kiti cha vipande tisa: fremu, kikalio, mgongo, mikono miwili, miguu minne. Hakina gundi, hakina msumari. Kila kipande kinashikwa na bolti, na kila kipande kinaweza kutoka peke yake. Kaka alikuwa amechoka kuona viti vizima vikitupwa jalalani kwa sababu ya mguu mmoja. "Mbona mtu akivunjika mguu hatumtupi?" alizoea kusema, na wateja walicheka, kisha wakanunua. Vipande vilivyochoka alivirudisha karakanani: mguu mfupi ukawa mkono, mkono ukawa kishikizo cha kabati. Alisema mti ukishakatwa mara moja inatosha, tusiukate mara ya pili kwa uvivu wetu.

Dada aliingia karakanani mchana ule bila kusalimia. Akaenda moja kwa moja kwa Msumari.

Msumari alikuwa fundi mkongwe kuliko wote pale. Jina hilo alilipata kwa sababu miaka yote aliilalamikia kazi isiyotumia misumari. "Kiti bila msumari ni kama ndoa bila mashahidi," angesema, kisha angekaza bolti vizuri kuliko yeyote.

"Msumari, nipe kigezo."

Akampa. Ulikuwa ubao mwembamba wenye matundu mawili, unaowekwa juu ya kila mguu ili keekee itoboe pale pale siku zote. Dada akaupima kwa rula ya chuma. Akapima mguu mmoja wa zamani aliotoka nao kwa wazee, uliooza chini lakini juu mzima. Tofauti ilikuwa milimita nne.

"Hiki si kigezo cha kaka."

"Hicho cha kaka kilichakaa."

"Kilikuwa cha mti mgumu kama chuma. Nilikishika mimi mwenyewe mwezi ule alioumwa. Kiko wapi?"

Msumari akaanza kukusanya maranda kwa mguu, taratibu, kana kwamba kuna mtu kaangusha sindano humo.

"Msumari."

"Mficha uchi hazai," akasema, akaketi kwenye benchi. "Nitakwambia. Jeneza tulilitengeneza hapa hapa, unakumbuka. Mbao hazikutosha chini. Watu wanafika, gari liko nje, wewe unalia kule, mimi nalia huku nikipiga randa. Nikaona ubao mzuri umeegemea ukuta, nikaukata, nikaupigilia chini. Misumari minane."

Dada akakitazama kigezo cha mkononi.

"Nilijua makaburini," Msumari akaendelea. "Lilipoinuliwa wapitishe kamba nikaona matundu mawili yananitazama kwa chini. Ningesema nini? Simamisheni mazishi, kuna kigezo humo? Nikanyamaza. Kesho yake nikachukua mguu uliokuwa tayari, nikachora kigezo kipya. Kikachakaa, nikachora kingine kwa mguu uliofuata. Cha mkononi mwako ni cha tano."

"Unachora nakala ya nakala."

"Macho yangu yalikuwa yanaona ni sawa." Akajifuta uso kwa kiganja chenye vumbi. "Dada, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo halikuvunjika," Dada akasema. "Umelizika."

Siku mbili Dada hakutulia. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga. Anaanza kupiga msasa, anaacha. Anafungua kopo la vanishi, analifunga. Anatoka kununua bolti, anarudi na mkate. Alifanya hesabu kichwani ya viti vyote vilivyouzwa miaka hii miwili kwa kigezo cha pili, cha tatu, cha nne. Kwenye saluni, kwenye chumba cha kusubiria daktari wa meno, kwenye nyumba za watu. Kila kimoja kilikuwa kinakaliwa wakati ule ule, na kila kimoja siku moja kingeomba mguu ambao haupo duniani.

Jumamosi adhuhuri alijikuta makaburini. Hakupanga kwenda. Nyasi zilikuwa zimekatwa vibaya, na jua lilikuwa limesimama utosini. Alitazama pale alipolala kaka yake na, Mungu amsamehe, akaanza kukadiria kwa macho: kichwa huku, miguu kule, ubao uko chini ya mgongo au chini ya magoti? Mti mgumu hauozi kwa miaka miwili. Kibali kinatolewa na ofisi gani? Watachimba watu wangapi? Alipogundua anachokiwaza alirudi nyuma hatua tatu, akamkanyaga jirani wa kaka yake, akamwomba radhi kwa sauti.

Jumatatu alirudi kwa wazee na rula. Ikiwa kigezo hakipatikani, kipimo chake kilikuwa bado kimelala ndani ya viti sitini ambavyo kaka alivitengeneza kwa mkono wake. Matroni alimruhusu, akamtaka tu asiwasumbue waliolala.

Alipima fremu ya kwanza, tundu hadi tundu: milimita tisini. Ya pili tisini na mbili. Akaipima upya. Ya tatu themanini na tisa. Ya nne tisini na moja. Alipima ishirini, akaandika kwenye kiganja kwa kalamu, na hapakuwa na tatu mfululizo zilizofanana. Viti hivi vyote vilikuwa vya kaka. Vyote vilitoka kwenye kigezo kimoja, kile cha mti mgumu, kilicholala chini ya ardhi.

"Umepoteza kitu?" Babu wa kitandani alimuuliza.

"Sijui, babu. Labda sikuwahi kuwa nacho."

"Ukikipata, mwambie matroni aniletee kiti. Hiki cha plastiki alichonikopesha kinanibana kama wifi mwenye wivu."

Dada akalala chali chini ya kiti cha ishirini na moja, akawasha tochi ya simu, akachungulia tundu la mguu. Halikuwa duara. Upande mmoja lilikuwa limesuguliwa, na mistari myembamba ya tupa ilionekana wazi. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo, limesuguliwa upande wa pili.

Mwanamke aliyekuwa akideki chumba akasubiri, ndoo yake mkononi. "Dada, utalowa," akasema. "Mimi namwaga maji hapa mara mbili kwa siku, amri ya matroni. Asubuhi na jioni."

Dada akaketi. "Mara mbili kila siku?"

"Miaka yote. Unadhani miguu inaoza kwa uzee?"

Babu akadakia. "Kinachooza ni kidole tu. Nyie mnatuuzia mguu mzima."

Maneno hayo Dada aliyaweka mahali moyoni. Kichwa kilikuwa kwenye ile mistari ya tupa. Akatoka pale mbio mbio hadi kwa wifi yake.

Wifi alikuwa sebuleni akikunja nguo. Alimwona anapita na rula, anainamia kiti cha mlangoni kabla hata ya kuvua viatu.

"Wifi, umekuja kunijulia hali au umekuja kupima fanicha zangu?"

"Wifi, kaka alikuwa anasugua matundu?"

Wifi akaacha shati lililokuwa mkononi. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha pembeni, cha mtu aliyekamatwa na siri isiyo yake.

"Nani kakwambia?"

"Viti vimeniambia."

"Keti basi. Hutaki? Haya, simama. Mwaka wa pili wa ndoa nilidhani ana mwanamke. Kila Jumapili tukishakula anaaga, 'Nakwenda kuona wateja.' Mteja gani wa Jumapili? Na mfuko wa kulia wa kila suruali umetoboka. Nashona, unatoboka. Siku moja nikamfuata. Kaingia nyumba fulani, nikachungulia dirishani, nikasema leo ndiyo leo. Nikaona nini? Mume wangu yuko uvunguni mwa kiti cha bibi wa miaka themanini, tupa mkononi, anasugua. Nilirudi nacheka peke yangu njia nzima, watu wakadhani nimerukwa."

"Kwa hiyo mguu haukuwa unaingia."

"Hakuna mguu uliowahi kuingia wenyewe, wifi. Mbao inavimba, mbao inasinyaa, sijui, yeye alikuwa ananieleza mpaka nasinzia. Alikuwa anauingiza yeye."

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema, Dada akijua hatapata usingizi."

Dada alitoka bila kuaga. Alitembea barabara nzima hadi kwenye taa za kuvukia, akavuka, akasahau alikokuwa anakwenda, akavuka tena kurudi. Alikuwa na hasira, na hasira ya kumkasirikia marehemu haina pa kwenda. Huwezi kumgombeza, huwezi kumnunia akakubembeleza. Miaka miwili alimlilia kaka aliyewaza kiti kisichomhitaji fundi. Kumbe kiti kilimhitaji fundi kila Jumapili, na fundi alikuwa na aibu kusema. Angekuwa hai angemtupia rula. Kisha angemwuliza, kwa nini ulibeba peke yako?

Kitu kimoja kilimwondokea rohoni hapo barabarani, hata hivyo. Kaburi halikuwa na jibu. Hata wangechimba, wangetoa ubao wenye matundu mawili na viti vingeendelea kukataa.

Jumanne alimweleza Msumari yote. Mzee alisikiliza, akavua kofia, akaivaa tena.

"Basi tumepona," akasema. "Tupa ninazo nne. Ijumaa tunafika mapema, wewe mpigishe matroni soga, mimi nasugua. Nani atajua? Yeye alifanya hivyo na mbinguni kapokelewa."

"Na wewe una miaka mingapi?"

"Ya nini sasa?"

"Nijue tutasugua mpaka lini."

Dada akaweka mguu mmoja mezani. Alikuwa amewaza njia nzima, na sasa mawazo yalitoka kwa vipande, kama kiti chenyewe. Bolti ya juu ndiyo inayobeba mtu. Hiyo tundu lake libaki duara, libane. Ya chini kazi yake ni kuzuia mguu usiyumbe. Kwa nini nayo iwe na tundu duara? Tuliache liwe refu, kama punje ya mchele, bolti ipande au ishuke itakavyo mpaka ikutane na fremu yake, ndipo ikazwe. Mbao ivimbe, isinyae, mguu utaisamehe.

"Tundu refu litalegea," Msumari akasema.

Lililegea. Walifunga mguu mmoja kwenye kiti cha karakana, Msumari akakikalia, akajitikisa kama mtoto, na baada ya dakika kumi mguu ukaanza kulia. Wakaweka washa pana, ile pete ya chuma inayokaa chini ya nati. Ukalia baadaye kidogo. Jumatano nzima walibishana. Walijaribu ngozi, ikateleza. Walijaribu bati, likakata mbao. Msumari alitukana kwa heshima. Alasiri Dada akaokota kipande cha tairi kuukuu walichotumia kuzuia mlango, akakata duara, akakiweka chini ya washa. Msumari akajitikisa nusu saa, akisimulia umbea wa mtaa mzima, na kiti kikanyamaza.

"Leta tairi jingine," akasema akiwa bado amekaa.

Miguu yote arobaini na minane iliokolewa. Hapakuwa na haja ya kukata mti hata mmoja, ni kurefusha tundu la chini tu. Na kwa kuwa tairi lilikuwa limebaki, Dada alimkumbuka babu na kidole chake. Alikata kila mguu kipande kidogo chini, urefu wa kidole gumba, akaweka mahali pake kiatu cha mpira kinachofungwa kwa skrubu moja. Maji ya kudeki yale kiatu, yasile mguu. Kiatu kikichakaa, kivuliwe. Hicho hakikuwa kwenye mawazo ya kaka hata kidogo. Ilimuuma kidogo kuwa hawezi kumwonyesha.

Alhamisi fundi wa kuchomelea wa jirani aliwakatia vigezo vitatu vya chuma, sawa kwa sawa.

Ijumaa, kabla hajafungua gunia, Dada alimwomba matroni wakae ofisini. Akamweleza yote: jeneza, nakala za nakala, Jumapili za kaka, tupa. Maneno ya kaka yalikuwa magumu kutoka kuliko ya Msumari. Alihisi anamvua nguo mtu asiyeweza kujifunika. Msumari, aliyesimama mlangoni, alitazama viatu vyake muda wote.

Matroni alimtazama Msumari, akamtazama Dada. Kisha akasema, "Kwa hiyo miaka saba nimekalia mkono wa mtu, nikidhani nimekalia kiti."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anakuja kweli. Nilidhani anawapenda wazee."

"Aliwapenda pia."

Akainuka, akawaongoza ukumbini. Dada akafunga mguu wa kwanza. Ukaingia. Wa pili, wa tatu, wa kumi. Msumari upande wake alikuwa anakaza kwa kasi na kuimba chini chini. Mguu wa kumi na saba ulikataa, wakakuta fremu yenyewe imepasuka. Matroni akakiandika kiti hicho pembeni. Babu alikalishwa kwenye kiti chake. Akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, akapiga sakafu kwa kiatu cha mpira.

"Kimevaa viatu kuliko mimi," akasema.

Dada alidhani mtihani umekwisha, ingawa gunia bado lilikuwa na miguu. Matroni akamshika bega.

"Vizuri. Sasa nijibu. Na wewe ukifa?"

Msumari akakohoa. Dada akatoa kwenye mkoba kigezo kimoja cha chuma, akampa. "Hiki ni chako, mama. Kingine kiko kwa wifi yangu, kingine karakanani. Fundi yeyote, popote, akiweka hiki juu ya mbao atakutengenezea mguu wako. Hatanihitaji mimi."

Matroni alikipima uzito mkononi. "Kaka yako naye aliniambia maneno mazuri," akasema. Akageuka, akamwita mwanamke wa kudeki. "Weka ndoo chini. Chukua spana kwa huyu mzee. Umewahi kushika spana?"

"Sijawahi."

"Haya, funga mguu mmoja. Na nyinyi wawili rudini nyuma. Mtu asimguse."

Mwanamke akajifuta mikono kwenye khanga, akapiga magoti, akachukua mguu kwenye gunia bila kuuchagua. Akauweka kinyume. Dada akafungua mdomo, matroni akamtazama, akaufunga. Mwanamke akaugeuza. Bolti ya juu ikapita. Ya chini akaishika kwa vidole viwili, akaisukuma, ikagonga. Mikono ya Dada ilikuwa imeanza kwenda yenyewe, akaishika kwa nyuma, kidole juu ya kidole, akakaza mpaka ikauma. Sogeza kidogo, alisema moyoni. Juu kidogo. Kidogo tu. Mwanamke akainamisha kichwa, akapandisha bolti kwenye tundu refu, akaitafutia njia polepole, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye chumba kigeni.

Ukumbi mzima ulisikia ilipopita. Akaweka duara la mpira, akaweka washa, akazungusha nati, akachukua spana akakaza, mara ya kwanza kinyumenyume, mara ya pili sawasawa. Akakisimamisha kiti. Akakitikisa. Akakikalia.

Mwanamke akanyoosha mkono kuelekea kwenye gunia.

"Nipe mwingine," akasema.